"Ni mafuta tu kwenye ini": hivi ndivyo nilivyompoteza kaka yangu

Mkuu, umeuliza kama mafuta kwenye ini yanaweza kuleta saratani kwa mtu asiyekunywa pombe, maana umepiga utrasaundi ukaambiwa "ni mafuta tu". Yanaweza. Kaka yangu nimemzika kwa ugonjwa huo.

Hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa na kisukari, kitambi na duka, anashinda kitini, soda haimtoki mkononi. Aliambiwa hivyohivyo kama wewe, apunguze chipsi, basi. Hakupangiwa siku ya kurudi. Miaka sita baadaye mkanda wake ulikuwa na matundu matatu mapya aliyotoboa kwa msumari. Tukasema kisukari kinamkondesha. Uvimbe ulipoonekana ulishakuwa mkubwa, hakuna daktari wa kuukata. Halafu msibani nikamsikia mtu akinong'ona eti marehemu alikuwa anakunywa kwa siri. Linaniuma mpaka leo.

Mafuta yakizidi, kwa baadhi ya watu ini hupata mchochota, yaani linawaka na kuumia ndani kwa ndani. Likijitibu linaacha kovu, kovu juu ya kovu, hadi linakuwa gumu. Ndiyo sirosisi, na saratani nyingi huanzia hapo. Wengi hawafiki huko, usihangaike usiku. Ila kwa ugonjwa huu saratani huweza kutokea hata kabla ya sirosisi, na kisukari huongeza hatari. Maumivu huna, na hata vimeng'enya vya ini vinaweza kusoma kawaida.

Kwa hiyo rudi umuulize daktari: makovu yamefika wapi? Ipo hesabu inaitwa FIB-4. Inatumia umri wako, vimeng'enya viwili vya ini (AST na ALT) na idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda; ni vipimo vya damu vya kawaida kabisa. Kwa mtu wa chini ya miaka 65, ikiwa chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Mwenye sirosisi anatakiwa utrasaundi kila miezi 6. Pima na homa ya ini B, maana barani Afrika homa hiyo ndiyo inayoongoza kuleta saratani ya ini, na ikikutana na mafuta ni hatari juu ya hatari.

Mimi pia nilikutwa na mafuta. Nilikuwa kilo 94, sasa 86. Ukipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito, mchochota hutulia na hata makovu huweza kupungua. Niliacha soda, chai nanywa bila sukari, jioni natembea.

Wewe una kisukari? Na kwenu kuna aliyewahi kuumwa ini?