Uliza Kabla Hujaumwa

Mtoto wa shemeji yangu, mwenye umri wa miaka minane, aling'atwa na mbwa mguuni jioni moja akirudi kutoka dukani huko Kibosho. Mbwa huyo hakuwa wa jirani yeyote anayefahamika. Aliuma, akaingia migombani, na hakuonekana tena. Bibi yake mtoto alilisugua jeraha kwa majani, akalifunga kwa kitambaa, na kulipokucha wakampeleka katika zahanati ya karibu, ambako walilisafisha vizuri, wakamchoma sindano ya pepopunda na kueleza kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa haipatikani pale. Wakashuka hadi kituo kingine, wakakuta chanjo imekwisha. Nilipopigiwa simu ilikuwa saa tisa alasiri. Mimi ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Moshi mjini, na nimewaeleza wanafunzi mara nyingi kwamba mtu akishaanza kuonyesha dalili za ugonjwa huo ni vigumu mno kumwokoa. Hata hivyo shemeji aliponiuliza, "Sasa shemeji, tumpeleke wapi?", sikuwa na jibu.

Chanjo ilipatikana kesho yake hapahapa mjini, tena kwa bahati tu, kwa kuwa jirani yangu ana binamu anayefanya kazi maabara. Kilichonikera baadaye, hofu ilipopungua, ni kwamba dawa ilikuwepo mkoani muda wote huo, na kwamba miongoni mwetu watu wazima saba tuliokuwa tukipigiana simu hakuna hata mmoja aliyejua ilipo. Lugha yetu hutumia neno kuumwa kwa mgonjwa na kwa aliyeng'atwa, na kwetu siku ile maana zote mbili zilikutana. Tangu hapo nimejizoeza kuuliza kabla, na ndiyo sababu ya makala hii.

Nianze na jambo lenyewe la mbwa, kwa kuwa nimegundua kwamba hata watu waliosoma hawalijui. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na dakika hizo zihesabiwe kwa saa, maana anayemshika mtoto anayelia huona dakika tatu kuwa ni nyingi. Majani, mafuta ya taa, pilipili na majivu visiguse jeraha. Baada ya hapo ndipo hospitali, siku hiyohiyo, na kabla ya kupanda gari pigeni simu kuulizia kama chanjo ipo. Chanjo yenyewe hutolewa kwa dozi kadhaa katika siku zilizopangwa, hivyo anayepata ya kwanza na kurudi nyumbani akiwa ametulia bado hajamaliza. Afisa mifugo wa kata naye aarifiwe, kwa sababu mbwa aliyemng'ata mtoto wenu leo yuko njiani kuelekea kwa jirani. Wengi hudhani afisa huyo anahusika na ng'ombe tu. Katika maeneo mengi mbwa huchanjwa mwezi Septemba, karibu na tarehe 28 ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na tangazo lake mara nyingi hupita kwa kipaza sauti siku moja tu.

Wiki chache baada ya tukio hilo nilifanya jambo ambalo mume wangu aliliona la ajabu: nilikwenda zahanati nikiwa mzima. Nilichagua alasiri, wakati foleni ya akina mama wa kliniki imekwisha, nikamsalimu muuguzi, nikamweleza yaliyotupata, kisha nikamuuliza maswali ambayo mgonjwa hana nafasi ya kuyauliza. Ni huduma gani hazipo hapa? Usiku kuna nani zamu? Siku za kliniki ya watoto ni zipi? Chanjo ya kichaa cha mbwa ikihitajika, ninyi huwaelekeza watu wapi, na huko kuna namba gani ya simu? Alinijibu kwa subira, na akanipa maarifa ambayo singeyapata katika tovuti yoyote, kwa mfano kwamba baadhi ya chanjo za watoto hutolewa siku maalumu kwa sababu kichupa kikishafunguliwa kinapaswa kutumika kwa watoto kadhaa, na ndiyo maana mama hurudishwa ingawa dawa imo ndani ya jokofu. Nilikuwa nimewasikia akina mama wengi wakilalamikia jambo hilo kama uvivu wa wahudumu, nami, nakiri, nilikuwa mmoja wao.

Sisi wa Moshi tuna tabia ya kuruka ngazi. Mtoto akipata homa, mawazo yanakwenda moja kwa moja KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka kanda yote ya kaskazini. Katikati kuna zahanati, kuna vituo vya afya, kuna hospitali za wilaya, na kuna Mawenzi ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, kama ilivyo Mount Meru kwa wenzetu wa Arusha. Kifua kikuu sugu kina hospitali yake, Kibong'oto, huko Siha. Anayezijua ngazi hizi hupata pia taarifa mapema, kwa kuwa matangazo ya afya hushuka kwa njia hiyohiyo: kutoka Wizara ya Afya hadi kwa mganga mkuu wa mkoa, kwa mganga mkuu wa wilaya, hadi ubao wa zahanati na kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita mtaani kwenu. Mfahamu mhudumu huyo kwa sura na uwe na namba yake. Namba nyingine mbili zinapigwa bila malipo na kila nyumba inapaswa kuwa nazo: 199 ya Wizara ya Afya, ambako unaweza kuuliza kuhusu ugonjwa uliosikia au kutoa taarifa ya jambo unalolitilia shaka, na 115 ya usafiri wa dharura kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga.

Kuhusu milipuko yenyewe, somo langu la kwanza lilitoka hapa kaskazini. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa na Waziri wa Afya tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa ameingia kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), na alikuwa Arusha. Habari hizo niliambiwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu wakati wa mapumziko, mimi mwalimu wake nikiwa sijasikia lolote, na kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule. Kufikia Mei takwimu za taifa zilikuwa zimesimama katika wagonjwa 509 na hazikuongezwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu kipindi kile; ninachokumbuka mimi ni jinsi uvumi ulivyokijaza kimya hicho, kila kikundi cha WhatsApp kikiwa na daktari wake na kila daktari akiwa na mizizi yake.

Ndiyo maana mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza, ulipothibitishwa mkoani Kagera tarehe 21 Machi, nilijaribu kufuata utaratibu. Katika kikundi cha ukoo iliingia sauti ya mwanamke akilia kwamba ugonjwa umefika stendi ya Moshi na watu wanaanguka. Sauti hiyo haikuwa na tarehe, haikumtaja msemaji, haikutaja hospitali, na haikumwambia msikilizaji afanye nini zaidi ya kuituma kwa wengine. Taarifa ya wizara ya siku zile ilitaja wilaya, idadi ya wagonjwa, dalili za kuangalia na namba ya kupiga, na mwenye kuitoa alijulikana. Nilipiga 199 nikauliza, nikajibiwa kwamba Kilimanjaro haina mgonjwa, nami nikaandika jibu hilo kikundini pamoja na tarehe na saa niliyolipata. Mlipuko ule ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni, ukiwa umewapata watu 9 na kuua 6, wote huko Kagera. Lakini mwalimu mwenzangu ambaye ni Mhaya wa Kagera, na ambaye hakuwa amekanyaga Bukoba tangu Krismasi, alikaa peke yake katika chumba cha walimu kwa wiki mbili. Kusoma mahali palipotajwa katika tangazo ni jambo la afya, na ni jambo la utu pia.

Ni lazima niongeze kwamba hata kauli rasmi hubadilika, na anayezifuatilia asikasirike upesi. Januari 2025 wizara ilisema kwanza kwamba sampuli zilizopimwa kutoka Kagera hazikuonyesha Marburg, na siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba kipimo kimemthibitisha mgonjwa. Wengi waliona ni kigeugeu. Mimi niliona ni jinsi vipimo vinavyokwenda: sampuli zaidi huchukuliwa, na majibu hayafiki yote pamoja. Mlipuko huo wa pili ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo kirusi kinaweza kukaa mwilini kabla ya dalili kujitokeza. Anayeelewa hesabu hiyo haulizi kila asubuhi kwa nini tahadhari bado haijaondolewa.

Kuna chanzo ambacho watu hawakihesabu kuwa cha afya, nacho ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Utabiri wake wa masika na vuli huwa na ushauri kwa sekta mbalimbali, afya ikiwemo, na maneno yake yana ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Ninapoliona neno tahadhari kwa mkoa wetu wakati wa masika ninaanza kuchemsha maji ya kunywa bila kungoja kipindupindu kitajwe, kwa sababu vyoo vya bondeni vikifurika dalili zinaweza kujitokeza ndani ya saa chache hadi siku tano, na tangazo la mgonjwa wa kwanza haliwezi kukitangulia choo kilichofurika. Paketi za chumvichumvi ya kuongezea maji mwilini hazigharimu sana. Kaa nazo nyumbani.

Kwa upande wa redio na mitandao sina mengi ya kusema, kila mmoja ana yake, ila fuateni kurasa za wizara na za mkoa wenyewe badala ya kurasa zinazozinukuu. Chanzo ambacho kimenisaidia kuliko vyote ni matangazo ya kanisani. Huku kwetu Jumapili baada ya ibada husomwa kila kitu, kuanzia ndoa hadi ng'ombe aliyepotea, na mchungaji akikabidhiwa karatasi na zahanati ataisoma. Kwa majirani zetu Waislamu vivyo hivyo baada ya swala ya Ijumaa. Nilikuwa nikitoka nje kabla ya matangazo ili kuwahi daladala. Siku hizi ninakaa.

Shuleni pia tangazo linaweza kufika na bado lisifanye kazi. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kwa majaribio katika mkoa wetu wa Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenea nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Pamoja na hayo kila mwaka mzazi mmoja au wawili huniandikia kwamba binti yake asiguswe kwa kuwa chanjo inafunga kizazi. Nimeacha kuwajibu kwa barua. Ninawaalika, tunakaa na muuguzi, wanamuuliza yeye, na kwa kawaida swali la tatu au la nne ndilo linaloonyesha hofu yenyewe iko wapi. Mama mmoja, baada ya maswali mengi kuhusu binti, aliuliza kwa sauti ya chini kama yeye mwenyewe, mwenye miaka 41, anaweza kupimwa. Alipimwa wiki ileile.

Mtoto wa shemeji alimaliza dozi zake zote na kovu lake ni dogo. Ndani ya mlango wa kabati langu la vyombo kuna karatasi yenye 199, 115, namba ya zahanati, ya mhudumu wa mtaa, ya afisa mifugo, siku za kliniki, na mstari unaosema chanjo ya kichaa cha mbwa inapatikana wapi. Mwanzo wa kila mwezi ninapiga simu kuhakiki mstari huo, na nimeshaufuta na kuuandika upya mara tatu, kwa hiyo karatasi yote nimeiandika kwa penseli.