Jibu: Ushirikiano wa mpakani unaisaidiaje Moldova kuelekea Umoja wa Ulaya?

Ndugu mwanafunzi, nimekuelewa: unauliza kama miradi ya mpakani inaisogeza kweli Moldova, iliyopewa hadhi ya mgombea wa uanachama Juni 2022, karibu na Umoja wa Ulaya, ilhali msimamizi wako anaiona mada hiyo finyu. Mimi naiona nono, mradi uanzie kwenye mto Prut, mpaka wake na Romania. Chukua bomba la gesi linalotoka Iași, Romania, hadi Ungheni, Moldova, lililozinduliwa Agosti 2014: manufaa yake yalikuwa madogo hadi lilipoendelezwa kufika Chișinău, mji mkuu wa Moldova, ndipo nchi ikapata njia ya gesi isiyopitia mikononi mwa Urusi.

Kisha itazame halmashauri ndogo ya Moldova inayoomba fedha za Umoja wa Ulaya pamoja na jirani yake wa Romania. Inalazimika kutangaza zabuni, kutunza stakabadhi na kukaguliwa kwa kanuni za Ulaya, na hiyo, kwa maoni yangu, ni faida kubwa kuliko barabara itakayojengwa, kwa kuwa watumishi wa halmashauri hiyo ndio watakaosimamia fedha nyingi zaidi baada ya uanachama.

Jihadhari usidai kwamba miradi hii inatosha bila mageuzi ya mahakama. Kuhusu viwango vya uchangiaji, yaani sehemu ya gharama ambayo halmashauri hulipa yenyewe, soma miongozo rasmi ya Interreg, programu ya Umoja wa Ulaya inayofadhili miradi ya mpakani, na umwone mtaalamu wa sheria za Ulaya kabla ya kuandika sura ya zabuni.