Tumechinja mbuzi kwa kufurahia mvua: je, ni uzushi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Sisi ni wakulima wa Kondoa, mkoani Dodoma. Mwaka jana mtama ulitukaukia shambani, na mwaka huu tumeswali swala ya kuomba mvua mara mbili. Iliponyesha ya kwanza kina mama walipiga vigelegele, watoto wakaoga mvua, na mzee wetu akachinja mbuzi, tukala na majirani. Ndugu mmoja anasema huo ni uzushi. Tumekosea?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Hamkukosea, na nimefurahi pamoja nanyi. Mkulima wa Dodoma ana msimu mmoja tu. Ukimpita, anasubiri mwaka mzima.

Sahaba Anas bin Malik amesimulia kwamba walinyeshewa wakiwa na Mtume (s.a.w.), naye akafunua nguo yake mvua impate mwilini. Walipomuuliza, akasema ni kwa sababu imetoka kwa Mola wake sasa hivi. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Basi mtoto aliyesimama chini ya mchirizi wa bati, kinywa wazi, nguo zimemganda mwilini, msimfokee.

Ama mbuzi, uzushi ni kuzua ibada, na mzee wenu hakuzua kitu. Amechinja kwa jina la Mwenyezi Mungu akalisha watu. Angechinja kuridhisha mzimu wa mlimani, jibu langu lingekuwa jingine kabisa. Ulimi nao muuchunge. Asubuhi moja pale Hudaibiya, karibu na Makka, baada ya mvua ya usiku, Mtume aliwafundisha masahaba kwamba anayesema tumenyeshewa kwa fadhila na rehema za Mwenyezi Mungu ndiye aliyemwamini, na anayesema ni kwa nyota fulani amemkufuru. Kwa hiyo akija mtu kuwaambia mvua hii ni kazi ya mganga, msimwitikie hata kwa kumstahi.

Mkiiona inanyesha semeni: Allahumma sayyiban naafi'an, yaani Ewe Mola, ijaalie mvua yenye manufaa. Watu wa Kondoa mnajua kwa nini tunaomba manufaa. Makorongo yenu yamechimbwa na maji ya mvua hiyohiyo, hata mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma.

Jambo ambalo hukuuliza, nami naona ni zito kuliko mbuzi, ni zaka. Mtama ukifika wasaki 5, kama kilo 650 hivi, toeni moja ya kumi siku ya kuvuna, kwa kuwa mvua imewamwagilia bure. Anayegharamia maji hutoa moja ya ishirini. Na kama katika majirani mliokula nao yupo fukara aliyekosa hata mbegu ya kupanda, anzeni na yeye.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.