DATEADD na desimali: dakika za wafanyakazi zinapotelea wapi?

SWALI: Natunza mfumo wa zamu za kiwanda unaotumia hifadhidata ya SQL Server. Msimamizi anaingiza muda wa zamu kwa desimali, mfano 8.2, nami naujumlisha na muda wa kuingia: DATEADD(hour, muda, kuingia). Aliyeingia saa 1:00 asubuhi anaonekana ametoka saa 9:00 kamili alasiri. Nilipogeuza kuwa dakika, DATEADD(minute, muda * 60, kuingia), nikapata saa 9:11 badala ya 9:12. Dakika hiyo moja imekwenda wapi? Mwenzangu naye anataka tutumie njia hiyohiyo kwenye mikataba ya mwezi mmoja na nusu.

JIBU: DATEADD hupokea namba nzima tu. Ukiipa 8.2 haikatai wala haitoi onyo. Inakata desimali na kuendelea na 8. Hata ungeipa 8.99 ingebaki 8. Kwa zamu yako zinapotea dakika 12 kwa siku, na mtu akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni saa 5 na dakika 12 ambazo hatalipwa. Hilo ndilo linalofanya kosa hili liwe zito: halivunji programu, linapunguza mshahara wa mtu kimyakimya.

Dakika moja iliyobaki ina chanzo kingine. Bila shaka safu yako ya muda ni ya aina ya float, yaani namba za desimali zinazohifadhiwa kwa makadirio. Kompyuta huhifadhi float kwa tarakimu za 0 na 1, na kwa mfumo huo 8.2 haina mwisho, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho katika desimali zetu. Kinachohifadhiwa ni namba iliyo pungufu kidogo sana ya 8.2. Ukiizidisha kwa 60 unapata 491.99999999999994, DATEADD inakata, inabaki 491. Usidhani kila zamu itakuwa hivyo: 2.3 mara 60 inatoa 138 kamili, ndiyo maana majaribio machache hupita salama na kosa likaja kuonekana siku ya malipo.

Badili safu iwe decimal(5,2), ambayo huhifadhi 8.20 ilivyo. Kisha shuka hadi sekunde na uikaribishe wewe mwenyewe kwenye namba nzima kabla ya kuikabidhi: DATEADD(second, ROUND(muda * 3600, 0), kuingia). Huo ROUND ubakize hata baada ya kubadili safu, kwa sababu kesho mtu anaweza kuleta data kutoka faili la Excel, na huko muda huhifadhiwa kama sehemu ya siku, kwa namba za aina hiyohiyo ya float.

Kabla ya yote hayo, muulize msimamizi anamaanisha nini. Wengi wetu tukiandika 8.20 tunakusudia saa nane na dakika ishirini, si saa nane na dakika kumi na mbili. Hakuna fanksheni itakayokuokoa hapo. Mimi ningeweka visanduku viwili kwenye fomu, cha saa na cha dakika, desimali isiwepo kabisa.

Kuhusu mikataba, hapana, msitumie njia hii. Saa daima ni sekunde 3,600, hivyo sehemu yake inajulikana. Mwezi una siku 28 hadi 31. Nusu yake ni siku ngapi? SQL Server itakata 1.5 na kuongeza mwezi mmoja tu. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, huchukulia mwezi kuwa siku 30, kwa hiyo interval '1.5 months' inakuwa mwezi mmoja na siku 15. Inaongeza mwezi kwanza: 31 Januari 2025 inaangukia 28 Februari, halafu siku 15, unafika 15 Machi. Anayeanza tarehe 28, 29 au 30 Januari naye anafika 15 Machi hiyohiyo. Mteja akilalamika kwamba amenyimwa siku tatu, utamjibu nini?

Jibu lazima litoke kwenye mkataba. Waombe walioutunga waandike ama idadi ya siku, ama "mwezi mmoja na siku 15", nawe uhifadhi miezi na siku kwenye safu mbili za namba nzima. Waeleze pia waamue kipi kinatangulia kuongezwa: ukianza na siku 15 kutoka 31 Januari 2025 unafika 15 Februari, na mwezi ukiongezwa ni 15 Machi, lakini kwa 28 Januari unapata 12 Machi.