Nyanya zinakunja majani kwenye grinihausi, nipige dawa gani?

Swali: Habari mtaalamu, nina grinihausi ya mita 8 kwa 15 huku Ihumwa, Dodoma. Wiki tano toka nihamishie miche, sasa baadhi majani ya juu yamekuwa madogo, ya njano pembeni, yanajikunja kwenda juu na maua yanapukutika. Dukani wamenipa dawa ya ukungu, nimepiga mara tatu bila bila. Nipige nini?

Jibu: Pole sana dada, hapo kwa mche ulioumwa hamna cha kupiga. Kwa maelezo yako hiyo ni rasta, ugonjwa wa nyanya kukunja majani, na ni virusi, mche ukishapata ndo basi, dawa ya ukungu haivigusi kabisa. Ila kabla hujang'oa hakikisha, maana joto letu hili nalo linakunja majani: ya joto yanaanzia chini, yanakakamaa na yanabaki kijani, na mche unaendelea kurefuka. Rasta inaanzia kileleni na mche unadumaa.

Anayeisambaza ni inzi mweupe. Asubuhi na mapema kabla hawajachangamka geuza jani taratibu uangalie chini yake, utawaona wametulia kama chembe za unga, na matoto yao yamegandia hapo hapo. Inzi akishanyonya mche mgonjwa, baada ya siku moja hivi anaanza kuambukiza na anaendelea wiki kadhaa, kwa hiyo usisubiri wajae. Ning'iniza mitego ya njano yenye gundi usawa wa vilele, mmoja karibu na mlango, mingine kwenye kuta za neti, kila wiki hesabu uandike kwenye daftari, upande unaopanda namba kakague neti yake.

Miche yenye dalili ing'oe, lakini piga kwanza dawa ya inzi, chini ya majani hasa, ukianza na kung'oa unawarusha tu waende kwa mizima. Mche uingie kwenye mfuko wa plastiki hapo hapo, ufunge ndo utoke nao. Na dawa angalia namba ya kundi kwenye lebo, inaonyesha inavyoua, ukibadilisha dawa badilisha na kundi, mtu anatoka imidakloprid anaenda asetamiprid anadhani kabadilisha, kumbe zote ni 4A, inzi wanazoea. Iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Neti sasa, hapo ndo wengi wanaumia. Ya kuzuia inzi mweupe ni meshi 50, yaani matundu 50 kwa inchi, shida yake inabana hewa na Dodoma utapika nyanya humo ndani, so ongeza eneo la neti pembeni na juu badala ya kurudi kwenye neti ya matundu makubwa. Weka milango miwili, wa kwanza ujifunge ndo ufungue wa pili. Mnavu na magugu ya kuzunguka nje toa yote.

Msimu ujao chukua mbegu inayostahimili rasta na miche uikuzie ndani ya neti toka siku ya kwanza, ya kununua barabarani mara nyingi inakuja na ugonjwa tayari. Kama nusu ya nyumba imeshashika mi ningeng'oa yote, niache tupu wiki tatu nne bila hata gugu moja ndani, ndo nipande upya.