Jibu: Kiti cha abiria kwenye gari la rali

Habari mkuu. Umeuliza kama dereva akiwa na kiti cha mashindano, msoma ramani anaweza kubaki kwenye kile cha kiwandani. Hapana. Naye ni mshindani, anapigwa na matuta yaleyale.

Anza na lebo: kiti cha kiwango cha 8855-1999 cha FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) kinaisha muda miaka 5 tangu kutengenezwa, hata kama kinang'aa. Vya mtumba hukwama hapo. Kisha funua zulia. Magari ya huku Mwanza yaliyozoea kuoshewa ziwani huoza sakafu kimyakimya; gonga kwa bisibisi, ikizama kata uchomelee bati jipya kwanza. FIA inataka bolti 4 za milimita 8, na bamba la chuma la milimita 3 chini yake. Bila bamba, bolti huchana bati. Mikanda ya mabega ishuke nyuma kwa pembe isiyozidi nyuzi 45 kutoka usawa wa mlalo.