Kibakuli cha chumvi: nje fedha, ndani dhahabu

SWALI: Habari za kazi mhariri. Namhudumia bibi mmoja wa Kizungu hapa Leicester, juzi kanipa zawadi kibakuli cha chumvi cha miguu mitatu na vijiko vya kulia mayai, anasema vilitoka nyumba ya lodi alikofanya kazi mama yake. Kibakuli nje ni fedha ila kimeingia weusi, ndani kinang'aa dhahabu, na vijiko navyo hivyo hivyo. Ni dhahabu kweli au rangi? Na nikisugua na dawa ya meno si weusi utatoka?
Mama Wawili, Leicester

JIBU: Mama Wawili, hiyo dawa ya meno iweke chini kwanza! Ikiwa ni vya zamani kweli basi ni dhahabu, ila ni utando tu juu ya fedha, na hapo ndani haukuwekwa kwa mbwembwe. Chumvi inaila fedha mpaka inatoboka vishimo, na yai lina salfa inayogeuza kijiko cha fedha kuwa cheusi, dhahabu haijali yote mawili, ndo maana wakapaka pale chakula kinapogusa. Mbwembwe zilikuwepo pia jamani, George wa Nne kabla hata hajawa mfalme wa Uingereza aliagiza seti ya fedha iliyopakwa dhahabu kwa masonara Rundell, Bridge & Rundell wa London, leo ina vyombo zaidi ya 4,000 na bado inatandikwa kwenye dhifa za kifalme.

Zamani sonara alichanganya dhahabu na zebaki ikawa uji, anapaka, anaweka motoni, zebaki inapaa moshi dhahabu inabaki, na huo moshi ulimwachia mikono ya kutetemeka na meno kung'oka, basi tu bwana mkubwa ale yai. Elkington wa Birmingham alisajili njia ya kupaka kwa umeme 1840.

Sasa pindua kibakuli utafute mihuri, simba anayetembea kainua mguu ni fedha ya 925 ya Uingereza, yaani sehemu 925 za fedha tupu kwa kila 1,000, kichwa cha chui ni kwamba kilipimwa London, nanga ni Birmingham, herufi ni ya mwaka. Ukikuta herufi EPNS hiyo sio fedha, ni madini mengine yamepakwa fedha juu.

Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa, stilwaya, majivu na limao hapana. Ukitia chumvi mezani imwage siku hiyo hiyo. Na sonara akikwambia akupakie dhahabu upya mkatalie, wanunuzi wa vitu vya kale wanautaka ule utando wa zamani hata ukiwa umechakaa.